Paa wa Sultani Darai Hakuwa Rafiki Mwema

Katika ngano ambazo watoto wa pwani wamesimuliwa tangu enzi za mababu, ni vigumu kumpata rafiki aliyesifiwa kumshinda paa wa Sultani Darai. Kisa chenyewe kimeenea. Maskini mmoja aitwaye Hamdani anaishi kwa kuchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumni, na badala ya kununua chakula anamnunua paa kutoka kwa mchuuzi apitaye na tundu lake, huku watu wakimcheka: asiyeweza kujilisha mwenyewe atamlisha nini mnyama? Paa huyo anasema kama binadamu. Kwa jina la kubuni la Sultani Darai anamposea bwana wake binti wa sultani, anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia jumba la nyoka huyo. Kisha anaugua, na bwana anakataa hata kwenda kumtazama. Anaamuru apewe uji wa mtama mwekundu. Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani, na Hamdani anaamka yuko jaani vilevile alivyokuwa. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, alikichapisha kisa hiki mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa ngano za Kiswahili, na mwaka 1901 kikatoka kwa Kiingereza katika kitabu cha George Bateman na katika kile cha Andrew Lang. Wasimulizi wengi, fasiri moja: paa ndiye kielelezo cha uaminifu, Hamdani ndiye mtovu wa fadhila, na mtoto huondoka kwenye mkeka akiwa ameaswa asije akawa Hamdani.

Sehemu ya pili ya fasiri hii sina ugomvi nayo. Hamdani alikosa, tena vibaya, na sikukusudia kumtetea. Ninayoipinga ni ile ya kwanza, kwamba paa ni mfano wa rafiki ambao mtoto wa Likoni au wa Changamwe auige. Ukikifuata kisa hatua kwa hatua, badala ya kukumbuka mwisho wake tu, utaona kwamba paa alimfanyia Hamdani kila kitu na hakumshirikisha katika chochote. Alimfikiria, akamsemea, akamdanganyia, akampigania. Uaminifu wa namna hiyo ndio uliomlea huyo Hamdani tunayemlaani, na kuusifu bila kuuhoji ni kuwafundisha watoto wetu nusu ya mambo.

Tuanze na almasi. Paa yuko malishoni, anaikuta almasi kubwa chini ya mti, na anapiga hesabu yake: akimpelekea bwana wake, watu watamwuliza maskini kama yule kaitoa wapi, wataona kaiba, na huenda wakamuua. Hesabu ni ya busara kabisa. Nani asiyejua jinsi maskini anavyotazamwa akionekana na kitu cha thamani? Lakini tazama busara hiyo inapelekwa wapi. Paa harudi nyumbani kumwuliza mwenzake wafanyeje. Anashika njia mpaka mji wa mbali, anaitoa almasi kwa sultani kama zawadi kutoka kwa bwana wake, Sultani Darai, na papo hapo anaposa. Hamdani huku nyuma hajui kwamba aliwahi kuwa na almasi, hajui kwamba ana jina jipya, hajui kwamba ana mchumba. Siku ya kupelekwa harusini mwake mwenyewe, paa anamfikisha kwenye kijito, anamwamuru alale, na kumchapa fimbo mpaka analia. Kisha anamwacha pale hana nguo na kukimbia kwa sultani kusema kwamba bwana kavamiwa na wanyang'anyi njiani, kapokonywa kila kitu. Watoto huicheka sana sehemu hii, na kusema kweli inachekesha. Msimulizi hodari huinogesha kwa kuigiza kilio. Ila kicheko kikipoa, linabaki jambo hili: mwanamume mzima kapigwa, kavikwa nguo za watu, kaingizwa katika ndoa na katika jina la kubuni, na kazi yake katika yote hayo ilikuwa kukaa kimya pale alipowekwa.

Mambo ni yale yale kwenye mji wa nyoka. Paa anakwenda peke yake, anamkuta bibi kizee anayemwonya akimbie, anachukua upanga, na kila kichwa cha nyoka kinapochungulia ndani anakikata, hadi cha saba, kisha naye anaanguka kazimia. Ni ushujaa mkubwa, sina shaka. Hamdani wakati huo yuko kwa mkwewe anakula raha, na anapoletwa kwenye jumba anaingia kama mtu aingiaye kwake. Hapo ndipo kisa kinapotoa kauli yake kali kuliko zote, na ni ajabu kwamba hairudiwi sana. Paa anamlalamikia bibi kizee: mambo yote haya nimemfanyia bwana wangu, na mpaka leo hajaniuliza nyumba hii nimeipata wapi wala ilikuwa ya nani. Msikilizaji hutikisa kichwa na kumlaumu Hamdani. Mimi nauliza, angeulizaje? Mtu aliyefunzwa kwa fimbo pale kijitoni kwamba mambo yake yanapangwa na mwingine, na usalama wake uko katika kutouliza, leo analaumiwa kwa kutouliza. Tena paa anamwambia nani lalamiko hilo? Bibi kizee. Bwana wake, aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, hakuambiwa. Badala ya kumkabili na kumwambia, bwana, umenisahau, paa anatuma habari kwamba anaumwa, kisha anangoja aone atafanywa nini. Ugonjwa ukawa mtihani ambao mtahiniwa hakujua kwamba anaufanya. Hamdani alishindwa vibaya mno, lakini rafiki anayekuwekea mtihani wa siri baada ya miaka ya kukunyamazia naye ana maswali ya kujibu.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni hili: paa hakuwa rafiki, alikuwa mali. Alinunuliwa. Humwita Hamdani bwana tangu mwanzo hadi mwisho, na Hamdani anapokataa kumhurumia hoja yake ni ile ile ya bei, kwamba huyu si ni mnyama tu, niliyemnunua kwa thumni? Steere alikichapisha kisa hiki miaka mitatu kabla ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873, na si lazima uwe mwanahistoria kuona kwamba wasikilizaji wa wakati ule walimjua mtu wa namna hiyo: aliyenunuliwa, mwenye akili kumzidi bwana wake, anayemjengea bwana jina na kufa bila shukrani. Mtumwa hasemi ukweli mbele ya bwana wake, akisema anauzwa. Basi, wanasema, kumlaumu paa kwa kunyamaza ni kumlaumu aliyefungwa mdomo.

Nalikubali pingamizi hili zaidi ya wanaolitoa. Kama paa ni mtumwa, kisa ni shtaka dhidi ya umiliki wa watu, na shtaka zito. Lakini basi tuache kukiita kisa cha urafiki. Bara ya Mombasa ina sababu yake ya pekee ya kulitazama jambo hili: ni upande wa Kisauni, katika miaka ya 1870, ambako wamisionari walianzisha makazi ya Frere Town kwa ajili ya waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na kengele ya Kengeleni ni kumbukumbu ya mahali hapo. Kumchukua mtumwa aliyekufa kwa kutumikia, kumvua minyororo katika masimulizi, kumpa jina la rafiki mwaminifu, kisha kuwaambia vitukuu wa watu hao kwamba huu ndio uaminifu, si heshima kwa aliyeteseka. Fasiri iliyozoeleka inataka mambo mawili yasiyokaa pamoja: paa awe mtumwa tunapotaka kumsamehe unyamavu wake, na awe rafiki tunapotaka kumsifu. Ichague moja.

Wapo watakaosema kwamba njaa haingoji mashauri. Hamdani alikuwa jaani. Lililomtoa jaani ni hila ya paa, na ushirikishwaji haushibishi tumbo. Hoja hii ina nguvu zaidi huku kwetu, ambako jaa si jambo la ngano. Jaa la Kibarani, pale barabara inapotoka kisiwani kuingia Changamwe, liliwalisha wachakuraji kwa miaka mingi mpaka lilipofungwa mwaka 2018, na Mwakirunge, huko Kisauni, watu wanachakura hadi leo. Sitamwambia mtu wa Mwakirunge akatae almasi kwa sababu hakushirikishwa. Lakini mtu anayeishi kwa jaa ana ujuzi: anajua kipi kinauzika na kipi hakiuziki, nani analipa na nani anapunja, saa gani lori linafika. Hamdani naye alikuwa na kitu alipokuwa jaani. Thumni pekee aliyowahi kuwa nayo aliitoa apate mwenzake, akachekwa, na hakujali. Huyo ndiye Hamdani mwenye moyo katika kisa kizima, na anatoweka siku ile anapogeuzwa Sultani Darai. Hakuna anayemwambia sultani huyo mpya kwamba ukarimu wake wa jaani ulikuwa na thamani kuliko jina lake la kuazima. Anapoamka tena jaani, wasimulizi husema amerudishwa alikotoka. Ndani yake hakuwa ametoka. Alivikwa tu, na nguo zikavuliwa.

Mtu akiuliza kwa nini nimelivalia njuga jambo la ngano, ajibiwe na mitaa. Kwa miaka kadhaa sasa Kisauni imeandikwa magazetini kwa sababu ya makundi ya vijana wenye mapanga, na majina kama Wakali Kwanza na Wakali Wao yamekuwa habari za kawaida. Wazazi na wahubiri huwaita vijana hao watu wasio na maadili. Sivyo kabisa. Adili moja wanalo tena kwa wingi, nalo ni uaminifu. Maskani haisimami bila hilo: mwenzako akipigwa unapiga, akitafutwa unamficha, akiulizwa unasema hukumwona, na kosa lisilosameheka ni kuwa msaliti. Ukiweka kando mapanga, sheria hiyo ni ya paa neno kwa neno. Danganya kwa ajili ya mwenzako, piga kwa ajili yake, usimwulize anakwenda wapi. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyefunzwa kwamba rafiki bora ni yule asiyehoji hana neno la kumwambia mwenzake siku anapoitwa usiku akashike panga. Sisemi ngano humtia mtoto kwenye genge. Umaskini, ukosefu wa kazi na mitaa isiyo na taa hufanya hivyo vizuri zaidi. Nasema tunapomfundisha uaminifu, tunamfundisha ule ambao genge limeshamwandalia.

Na kuna paa wa msimu wa siasa. Kila uchaguzi vijana wa Likoni na wa Mtongwe hubandika picha, huimba, hupigana na wafuasi wa mpinzani, na humwita mgombea majina ambayo yeye mwenyewe hakuyawaza. Akishaingia jumbani simu haipokelewi, na wao hubaki na uji wa mtama mwekundu. Kilio chao ni cha haki na hutolewa kwa lugha ile ile: katusahau, hana shukrani. Lakini kilio hicho kinaishia pale kinapoishia kisa chetu. Hakimfikii aliyempa mtu usultani wa bandia bila kumwuliza hata swali moja juu ya mji anaokwenda kuutawala. Fasiri ya shukrani inamwacha mfuasi akidai malipo bora zaidi kwa unyamavu ule ule.

Ukitaka kuona jinsi kipimo hiki cha uaminifu usiohoji kinavyopotosha, tazama kinavyomhukumu rafiki wa ngano nyingine ambayo watoto wa Mombasa wanaijua sana siku hizi, wengi kupitia filamu. Ron Weasley, rafiki wa Harry Potter katika vitabu saba vya J. K. Rowling vilivyotoka kati ya 1997 na 2007, amedharauliwa na wasomaji duniani kote: ana wivu, ana hasira, hana kipaji cha kutajika, na katika kitabu cha mwisho anawaacha wenzake hemani msituni na kwenda zake. Filamu nane zilizotoka kuanzia 2001 zimemzidishia dharau. Katika kitabu cha tatu ndiye anayesimama na mguu uliovunjika kumkinga Harry na mtu wanayedhani ni muuaji. Kwenye filamu nafasi hiyo kapewa rafiki yao Hermione. Katika kitabu mwalimu Snape anapomtukana Hermione darasani, Ron anamtetea na kuadhibiwa. Kwenye filamu anakubaliana na tusi. Lakini tuyaache hayo, tushike lile la hemani, maana ndilo shtaka kuu. Ron ni mtoto wa sita kati ya saba, aliyezoea joho kuukuu na fimbo ya kichawi iliyotumiwa na kaka yake. Ana njaa, anawahofia wazazi na ndugu zake walio vitani, na anamwuliza Harry mpango ni upi. Harry hana mpango. Ni kweli kwamba kidani kiovu walichokuwa wakivaa kwa zamu kilimchochea, na ni kweli aliondoka kwa ubaya. Hata hivyo, swali lake lilikuwa la haki, na hakuna mwingine aliyelitoa waziwazi namna ile. Kisha alijuta, akatafuta njia ya kurudi, akamwopoa Harry kwenye maji ya barafu, akakivunja kidani kwa upanga. Kwa kipimo cha paa, Ron ni msaliti. Mimi namwona ni rafiki anayethubutu kusema hapa umekosea, hata kama sauti ilimpanda mno, na aliporudi alirudi kwa hiari, hakuna aliyemnunua. Rowling alikuwa ameshaliweka jambo hili mwishoni mwa kitabu cha kwanza, pale mwanafunzi mwenzao Neville anapopewa alama kumi zinazoipa nyumba yao ya shuleni ushindi, kwa sababu alijaribu kuwazuia marafiki zake mlangoni wasitoke usiku.

Atakayesema hayo ni ya Wazungu na kwetu rafiki hakosoi, asome tena utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa wa pwani aliyetiwa gerezani. Saada, kijakazi aliyekuwa akimpelekea chakula gerezani, naye alikuwa mtu wa kumilikiwa. Lakini Liyongo alimpa ujumbe ampelekee mama yake, na mama akaoka mkate mzuri kwa walinzi na wa makapi kwa mwanawe, tupa ikiwa ndani ya huo wa makapi. Kila mmoja katika mpango ule alijua anachofanya na kwa nini. Hila ya Liyongo haikuwa ndogo kuliko ya paa, ila iliwapitia watu wenye macho wazi.

Na hata ndani ya kisa cha Sultani Darai yupo rafiki wa kweli, sema fasiri ya kawaida humpita bila kumwona kwa kuwa imekodoa macho kwa paa. Ni binti wa sultani. Aliolewa kwa uongo, hakuwa na deni lolote kwa paa, wala hakuwa amemnunua. Mumewe anapotoa amri ya uji wa mtama mwekundu, yeye peke yake ndiye anayembishia ana kwa ana na kumwambia anafanya vibaya. Anapopuuzwa hanyamazi kulinda ndoa: anampelekea paa chakula chema na mahali pazuri pa kulala. Paa anapotupwa kisimani, anamwandikia baba yake, naye anakuja na watu wake, wanamtoa na kumzika kwa heshima. Alikuwa mwaminifu kwa mumewe na kwa paa kwa pamoja, na njia pekee ya kuutimiza uaminifu wa pande mbili namna hiyo ilikuwa kumpinga mmoja wao hadharani. Mwisho wa kisa yeye anaamka nyumbani kwao, si jaani. Wanaokitengeneza upya kwa ajili ya vitabu vya watoto wana haki ya kubadilisha wanachotaka, kama wasimulizi walivyofanya siku zote. Wangeanza kwa kumpa jina, maana wengi wa waliotangulia wamemwita tu mke.